Jaketi la mvua linapitisha maji? Usilitupe kabla hujajua limeshindwa wapi

Masika iliyopita asubuhi moja nimejibanza chini ya daraja pale Ubungo, mvua ya Dar unaijua ikiamua, akaingia dogo wa boda amelowa mpaka soksi. Akavua jaketi akalikamua kama dekio, akaniambia "Kaka hili limeshakufa, nikipata hela nakuja unitafutie jingine." Ananijua kwa sababu mi huwa nachukua majaketi ya mtumba Karume, nayafua, naziba, nauza. Nikamwambia mdogo wangu hebu nipe kwanza nilione. Nikalikung'uta, nikachukua kifuniko cha chupa nikamwagia maji kifuani, yakajikunja matone yakaporomoka yote. Nikamwagia begani, yakanywewa palepale, kitambaa kikageuka cheusi.

Jaketi halijafa. Lina sehemu mbili zimechoka, basi.

Naandika hii kwa sababu naona watu wanatupa vitu vizima kila masika na kila vuli, na wengine ndo wananiuma zaidi, wananunua spreyi kwa hela nyingi wanapulizia juu ya uchafu, au wanapulizia jaketi ambalo tatizo lake ni mshono, alafu wanasema hizi dawa ni uongo. Dawa sio uongo, ila kila ugonjwa na dawa yake, na ugonjwa wa jaketi unajulikana kwa maji ya kikombe kimoja tu.

Kwanza ujue limetengenezwaje maana bila hapo utabahatisha. Nje kuna kitambaa, nailoni au polista, kimepakwa dawa ambayo kazi yake ni kufanya maji yajikunje matone na kuteleza. Hiyo dawa ya nje haizuii maji kupita, inazuia kitambaa kisinywe maji, ni vitu viwili tofauti. Chini ya kitambaa ndo kuna kizuizi chenyewe. Kwenye majaketi ya bei juu ni utando, maarufu kuliko wote ni Gore-Tex, ambao chanzo chake ni Marekani mwaka 1969, Bob Gore alipovuta kwa ghafla plastiki ya ukoo wa Teflon ikatanuka na kujaa vitundu vidogo mno, mvuke wa jasho unapita ila tone la maji halipiti. Kwenye majaketi ya kawaida badala ya utando kuna mpako wa poliyurethani, ndo ile kama rangi laini inayong'aa ukigeuza ndani nje. Alafu kuna tepu ya mishono, ule ukanda umebandikwa kwa ndani kufuata kila mshono, kwa sababu sindano ya cherehani imetoboa matundu pale na bila tepu maji yanaingia kama kawaida.

Sasa kipimo. Tandaza jaketi kavu juu ya ndoo au beseni, nje iangalie juu, chini yake kwa ndani weka tishu au kanga kuukuu yenye rangi inayoonyesha maji, mwaga kikombe cha maji juu yake yatuame, kaa dakika kumi. Rudia begani, kiwikoni, shingoni. Angalia mambo mawili, nje maji yamefanyaje na ndani tishu imelowa wapi. Majibu yako yote yanatoka hapo.

NJE LINAKUNYWA MAJI, NDANI TISHU KAVU

Hii ndo kesi ninayokutana nayo kuliko zote na ndo inayosababisha watu watupe jaketi zima. Kizuizi kiko vizuri kabisa ila kitambaa cha nje kimelowa, na kitambaa kikilowa jaketi linakuwa zito, upepo wa pikipiki unakupiga unasikia baridi kali, na jasho lako halina pa kutokea kwa sababu nje kumefunikwa na maji, linageuka maji huko ndani. We unapitisha mkono unakuta shati limelowa unasema linavuja. Halivuji.

Chanzo namba moja ni uchafu. Mafuta ya ngozi shingoni na mikononi, moshi wa malori ya Mandela Road, vumbi la Kigogo, na pale begani mkanda wa begi unasugua kila siku mpaka dawa inalala. Chanzo kingine ni sabuni yenyewe uliyofulia. Sabuni inafanya maji yashike kitu badala ya kuteleza, ndo kazi yake, sasa ikibaki kwenye kitambaa inaendelea na kazi hiyohiyo siku ya mvua. Sabuni za unga ndo zinabaki zaidi, na ile dawa ya kulainisha na kunukisha nguo ndo mbaya kuliko zote maana imetengenezwa ibaki kwenye nguo. Kuna dada jirani yangu Tabata alinunua jaketi zuri sana la mtumba, bluu, akalipenda, akaliloweka usiku kucha kwenye sabuni ya unga, asubuhi akalisuuza na hiyo ya kunukisha. Linanukia vizuri kweli. Mvua ya kwanza likanywa maji kama taulo akalia kwamba kaibiwa. Nililisuuza mara sita, SITA, povu bado linatoka kidogo kidogo, ila ya saba maji yakatoka meupe na nilivyolipasha moto matone yakarudi karibu lote.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga zipu zote na velkro zote, zile za kubandika na kubandua, soma lebo ya ndani kama ipo. Osha kwa mkono maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo na mbwembwe, kidogo sana, kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo nzima kinatosha. Zipo sabuni maalum za majaketi kama Nikwax Tech Wash, ukiwa na ndugu anatoka Uingereza mwambie, ila usipoipata sio mwisho wa dunia, siri iko kwenye kusuuza. Shingoni, mikononi na mabegani tumia brashi laini ya mswaki mkuukuu. Usikamue kwa kusokota, bonyeza tu. Alafu suuza, suuza tena, mpaka ukiyapigapiga maji kwenye beseni hayaoti povu hata kidogo.

Hapa niseme kitu kuhusu maji ya Dar. Wengi tunatumia maji ya kisima na visima vingi huku maji yake yana chumvi. Sabuni ya mche ikikutana na maji hayo inaganda ule utando mweupe wa kama mafuta ambao unauona pembeni ya beseni, sasa na kwenye jaketi unabaki hivyohivyo. Ndo maana sabuni ya mche sikushauri kabisa kwa jaketi, na maji ya mwisho ya kusuuzia tafuta ya bomba, au kinga ya mvua yenyewe kwenye ndoo, hayo ndo laini kuliko yote na ni bure.

Likishakauka kivulini, lipashe moto. Hatua hii watu wanairuka na ndo yenye nguvu. Ile dawa ya nje iko kama vinyweleo vidogo vimesimama, vikisuguliwa na kuoshwa vinalala, joto linavisimamisha tena. Mwenye mashine ya kukaushia aweke joto la chini dakika 20 jaketi likiwa limeshakauka. Sisi wengine pasi: weka kwenye joto dogo kabisa, bila mvuke, tandika kitambaa cha pamba katikati, pitisha taratibu bila kutuama. Jaribu kwanza kwenye pindo la chini sehemu isiyoonekana, kitambaa kikianza kujikunja acha. Draya ya nywele nayo inasaidia begani na kwenye kofia. Jua la Dar ni kali ila halifanyi kazi hii, na ukilianika juani kila siku unaliua mwenyewe, mionzi inakausha nailoni.

Mwaga tena kikombe. Kama matone yanajikunja, umemaliza na hujatumia hata elfu tano. Kama kitambaa bado kinakunywa baada ya kufua vizuri NA kupasha moto, hapo ndo dawa ya kiwandani imekwisha na sasa spreyi inahitajika, sio kabla. Zipo za kupulizia na za kulowekea. Mi napenda ya kupulizia kwa sababu unaweka nje tu, ya kulowekea inaingia mpaka ndani kwenye bitana ambako jasho linatakiwa linywewe. Puliza jaketi likiwa safi, nyingi zinataka liwe bado bichi, soma kopo lako linasemaje, futa michirizi na kitambaa, ongeza mabegani na mikononi. Baadhi zinakauka zenyewe kama Nikwax TX.Direct, nyingine zinataka pasi ndo zishike. Zile spreyi za silikoni za viatu zitakusaidia mvua mbili tatu, sizikatazi, ila usitegemee zaidi ya hapo.

Na usishangae jaketi jipya kabisa kuchoka haraka kuliko la zamani. Dawa za zamani zilikuwa na kemikali za florini zilizozuia maji na mafuta pia, ila zinakaa kwenye mazingira miaka na miaka bila kuoza na zinaondolewa sokoni, California kwa mfano imezuia kuuza nguo mpya zenye kemikali hizo kuanzia 2025, isipokuwa aina chache. Dawa mpya zinazuia maji vizuri ila mafuta haziyawezi, kwa hiyo mtu wa boda mwenye moshi na jasho afue mara nyingi zaidi, sio mara chache. Najua tumezoea kusikia usifue jaketi la mvua litaharibika. Kinachoharibu ni kufua vibaya.

NJE MATONE YANATELEZA, NDANI NIMELOWA

Kama kipimo cha kikombe kimetoa tishu kavu na nje maji yanaporomoka vizuri, lakini ukivaa unalowa, basi hayo ni maji yako mwenyewe. Jasho. Utando unapitisha mvuke kutoka penye joto na unyevu mwingi kwenda penye kidogo. Mlimani Kilimanjaro kuna baridi nje, mvuke unakimbia. Dar masika nje kuna joto na hewa imeshiba maji, mvuke uende wapi? Jaketi la bei kubwa kuliko yote litakutokesha jasho Posta saa nane mchana na hamna spreyi ya kutibu hilo. Fungua zipu za kwapani kama zipo, legeza mikono, vaa kitu chepesi cha polista ndani badala ya shati zito la pamba. Na chagua jaketi pana kidogo.

TISHU IMELOWA KWA MSTARI

Ukiona unyevu umefuata mstari, wa bega, wa kofia, wa mfukoni, huo ni mshono. Geuza jaketi ndani nje angalia tepu. Kama imebanduka kipande lakini ukigusa chini yake bado inanata, una bahati, irudishe mahali pake, weka kitambaa juu, pasi ya joto dogo sekunde chache, toa pasi gandamiza na kitabu kizito mpaka ipoe. Usiivute kabla haijapoa.

Kama tepu imekauka inatoka kama ganda la kitunguu, itoe yote ya sehemu hiyo, futa mabaki na spiriti ya hospitali, paka gundi ya mishono. Hapa kuna kosa moja halirekebishiki. Ndani ya jaketi lenye mpako wa poliyurethani weka gundi ya poliyurethani. Silikoni, ile ya mafundi wa madirisha ya alumini, iache kwa vitambaa vya silikoni tu, vile vyepesi vinavyoteleza sana kama mahema mapya ya wapanda mlima. Ukishapaka silikoni kwenye jaketi hakuna kitu kingine kitakachoshika hapo tena zaidi ya silikoni, na yenyewe kwenye poliyurethani inabanduka baada ya muda. Unakuwa umejifungia njia.

Kwa hema la silikoni sasa, hiyohiyo ya madirisha isiyo na rangi inafaa sana. Ichanganye na waiti spiriti wanayotumia kwenye rangi ya mafuta mpaka iwe kama uji mwepesi, paka kwa brashi kwenye mishono, acha usiku mzima. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara, inashika moto. Petroli na tina usiguse, zinaweza kuharibu kitambaa.

Jaketi la yule dogo wa Ubungo lilikuwa na hili pia, ukiacha bega lililochakaa. Tepu ya shingoni pale kofia inapoungana ilikuwa imeachia kama sentimita nane, maji ya helmeti yote yakawa yanashukia humo kwenda mgongoni. Angepulizia spreyi kopo zima asingepona.

TISHU IMELOWA NUKTA MOJA

Tundu. Mara nyingi cheche ya sigara, msumari wa kiti cha daladala, au mkunjo wa kiwiko uliochakaa. Kulipata: funga mkono wa jaketi kwa mpira kwenye kiganja, jaza maji mkono mzima, ning'iniza, angalia linapotoka tone. Zungushia kalamu. Kausha, futa na spiriti, bandika kiraka cha nailoni kwa ndani na gundi ya poliyurethani, kata kiraka kiwe na kona za mviringo maana kona kali ndo zinaanza kubanduka. Usimpelekee fundi cherehani akushonee kiraka, ni mtu mzuri ila atakuongezea matundu arobaini.

MAJI YANAINGIA ZIPU, SHINGONI, MIKONONI

Hapa kitambaa hakina kosa. Kile kipande cha kitambaa kinachofunika zipu kimelala vibaya, au velkro za mkononi zimejaa nyuzi hazishiki, zichokonoe na sindano. Na ukiendesha pikipiki mikono iko mbele, maji yanapanda kwenye glovu yanaingia ndani ya mkono, vaa mkono wa jaketi JUU ya glovu. Ndo hivyo tu.

NDANI LINANATA, LINANUKA, LINAPUKUTIKA UNGA MWEUPE

Hili naomba mnielewe vizuri. Mpako wa poliyurethani unaliwa na joto na unyevu, na huo ndo hali ya hewa yetu mwaka mzima. Maji ya kwenye hewa yanauvunja taratibu, kwanza unanata kama peremende iliyolambwa, alafu unatoa harufu chachu ya kama matapishi, mwisho unapukutika magamba. Hakuna spreyi, hakuna pasi, hakuna gundi. Kama ni sehemu ndogo unaweza ukapaka mpako mpya juu baada ya kukwangua, ila kama ni mgongo mzima usipoteze hela yako, lifanye kifuniko cha pikipiki au la kukinga vumbi.

Ndo maana nikienda Karume siangalii lebo kwanza. Naingiza mkono ndani, nabana kitambaa kwa kidole gumba na cha shahada, naachia. Kama vidole vinachelewa kuachiana, naliweka chini hata kama lina jina kubwa. Alafu nanusa kwapani na ndani ya kofia. Alafu nakunja kiwiko naangalia kama kuna mistari meupe. Ni sekunde kumi, zimeniokolea hela nyingi sana.

MADOA MEUSI YA KUVU

Siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, pakaza kwa kitambaa, acha nusu saa, fua kama nilivyosema juu. Jiki hapana, inaua dawa ya nje na rangi pamoja. Madoa mengine hayatoki yote, ila kuvu na harufu vitapungua.

MAKOTI YA PLASTIKI NA MABEGI YA TURUBAI

Koti la plastiki nene la bodaboda halina dawa ya nje wala utando, ni plastiki mwanzo mwisho, kwa hiyo spreyi hailihusu na pasi ndo kabisa itaungana nalo. Likivuja ni kiungio kimeachia au limepasuka kwapani. Kiraka cha plastiki ya aina hiyohiyo na gundi ya plastiki laini, sugua kidogo na msasa kwanza.

Begi la turubai la pamba au hema la zamani la pamba hilo tiba yake ni nta, na hapa tuna bahati maana nta ya nyuki ya Tabora inapatikana kwa wauza asali. Nusu nta nusu mshumaa wa dukani, weka kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke moja kwa moja kwenye moto. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi kwa hiyo maji hata yasichemke sana. Paka kwa brashi kwenye begi safi lililokauka, utaona inaganda nyeupe juu, usiogope, pitisha draya ya nywele au pasi juu ya karatasi, utaiona inazama na turubai linakoza rangi. Ongeza kwenye mishono. Likikaa juani litanatanata kidogo, ndo nta ilivyo. Usilifue na sabuni tena, futa na kitambaa chenye maji ya baridi. Na nta usiipake kwenye jaketi lenye utando, unaziba vile vitundu vyote ulivyovilipia.

Kwa begi la mgongoni la kawaida mi sihangaiki kulifanya lisipitishe maji, naweka kiroba kigumu ndani nakunja mdomo mara tatu, laptopu imevuka Jangwani na mvua kubwa ikiwa kavu.

KULITUNZA MPAKA VULI

Majaketi mengi ninayoyaona yameharibika hayakuharibiwa na mvua, yaliharibikia ndani ya boksi la pikipiki au mfuko wa rambo, yamekunjwa yakiwa mabichi kuanzia Mei mpaka Oktoba. Lifue, likauke kabisa pamoja na mifuko yake, alafu litundike kwenye henga chumbani penye hewa, sio kwenye begi, sio chini ya godoro, na sio juu ya kabati karibu na bati. Kama unabeba kwenye boksi kila siku, ukifika nyumbani lifungue hata kama hukunyeshewa, jasho la asubuhi peke yake linatosha kuanzisha kile kinato.